Mkusanya Vivuli

Msomaji mwema, yamkini hujapata kufika Mbumbuni. Ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Makueni, upande wa vilima vya Mbooni, ambako mashamba hupanda mlimani kwa matuta kama ngazi, na mito mingi huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Siku ya soko utaona maembe, ndengu, mbaazi, kuku waliofungwa miguu, na mwishoni mwa safu, juu ya maturubai yaliyotandikwa chini, nguo za mitumba. Katika lundo moja la nguo hizo, mwaka 1996, ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na mwanamke ambaye sura yake imechorwa na kuchapwa mara nyingi mno. Alikuwa juu ya kifua cha fulana iliyochujuka, amevishwa miwani ya jua, na bei yake ilikuwa shilingi 20.

Aliyeinunua si mimi. Aliinunua mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mwenye heshima zake, mzee wa kanisa, ambaye sijapata kumwona amevaa fulana maishani mwake. Aliipokea, akaikung'uta vumbi, akaikunja taratibu kama mtu akunjaye hati ya shamba. Hakuinunua aivae. Aliinunua aiweke pamoja na wenzake.

Maana mjomba hukusanya kila kitu chenye sura ya Mona Lisa. Chumba alichokitenga kwa kazi hiyo kilikuwa ghala la mahindi zamani, na harufu ya mahindi haijatoka kabisa. Humo mna kalenda nne za miaka iliyopita, zote za maduka ambayo sasa hayapo, kopo la biskuti lisilo na mfuniko, sinia la chai, vikombe, kimoja hakina mkono, mkoba, kitambaa cha shingo, kiberiti kisicho na njiti hata moja, sahani ya santuri yenye wimbo alioimba Nat King Cole mwaka 1950 kwa jina la bibi huyo, ingawa mjomba hana mashine ya kuipigia, na picha iliyokatwa vipande vya kupangwa upya, iliyopungukiwa vipande vitatu, kimoja kikiwa cha pua. Anachokithamini kuliko vyote ni stempu ndogo ya Ujerumani Magharibi ya mwaka 1952, iliyotolewa kuadhimisha miaka 500 tangu kuzaliwa kwa mchoraji, ambayo aliibandua katika bahasha kuukuu kwa mvuke wa birika. Vitu vyote vyapata mia na ushei. Hapana hata kimoja ambacho mwizi angejisumbua kukibeba.

Swali ninalotaka tulipime pamoja ni hili. Mtu anayekusanya nakala za kitu ambacho hajakiona, wala hana tamaa ya kukiona, je, anafanya jambo la maana, au anapoteza siku zake kwa kufuata vivuli? Nisije nikakuficha: wakati nilipokuwa kijana jibu langu lilikuwa tayari, na lilikuwa jibu la dharau.

Kabla hatujamhukumu mzee, tumjue bibi mwenyewe. Wataalamu walio wengi wanakubaliana kuwa ni Lisa Gherardini, aliyezaliwa mjini Florence, Italia, mwaka 1479, akaolewa na mfanyabiashara wa hariri aitwaye Francesco del Giocondo, akamzalia watoto. Leonardo da Vinci alianza kumchora yapata mwaka 1503, juu ya ubao wa mti wa popla wenye urefu wa sentimita 77 na upana wa sentimita 53. Ni ubao usiozidi dirisha la jiko. Rangi aliipaka kwa tabaka nyembamba mno, moja juu ya nyingine, hata pembe za mdomo na za macho hazina mstari ambao jicho laweza kuushika. Na hiyo ndiyo sababu watu wameshindana kwa karne nyingi kama bibi huyu anatabasamu au la. Ajabu ni kwamba Leonardo hakuikabidhi kazi hiyo kwa mume. Alikaa nayo miaka mingi, akaenda nayo Ufaransa alipoalikwa na Mfalme Francis I, na huko akafa mwaka 1519. Picha ikawa mali ya wafalme, kisha mali ya taifa, katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris. Liweke jambo hili akilini, msomaji: nyumba ya Giocondo, yenye watoto waliomwita Lisa mama, haikuipata picha yake. Nitalirudia.

Dharau yangu ilikuwa na sababu ambazo niliziona kuwa nzito. Kwanza nilisema moyoni kwamba nakala si kitu. Kitu ni asili. Nakala ni sauti yake ikirudi kutoka mlimani, na mwenye akili hakusanyi mwangwi. Siku moja nilithubutu kumwambia mjomba hivyo, kwa maneno ya adabu zaidi. Hakukasirika. Aliniuliza karo yangu ya shule ilitoka wapi.

Ilitoka katika vinyago. Baba yangu, kama baba wengi wa Ukambani, alikula mkate wa kuchonga. Sanaa hiyo ya biashara, kama inavyosimuliwa, ilianzishwa kwetu na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akaona kazi ya wachongaji wa huko, akarudi nyumbani akashika tezo. Kutoka kwake wakajifunza ndugu na majirani, kisha vijiji vizima. Na kufikia mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walikuwa na ushirika wao Changamwe, Mombasa. Sasa fikiri, msomaji: twiga wa kwanza alichongwa na mtu aliyemwaza twiga, twiga wa elfu kumi alichongwa na mtu aliyemtazama twiga wa mwenzake. Baba alichonga twiga miaka thelathini, na sidhani alipata kumwona twiga hai zaidi ya mara mbili, zote mbili akiwa ndani ya basi la Mombasa. Walionunua walikwenda nao Ulaya na Marekani, wakawaweka juu ya meza zao, wakawapangusa vumbi. Kama nakala si kitu, basi mimi nilisomeshwa kwa fedha za si kitu. Nilinyamaza, lakini kunyamaza si kusadiki, nami nikatafuta sababu nyingine.

Nikasema: mjomba hapendi sura, apenda umashuhuri. Angalikuwa bibi huyu hajulikani, asingalimtazama mara mbili. Hili bado naliona kuwa neno lenye uzito, na kisa cha picha yenyewe kinalithibitisha kwa kiasi. Jumatatu tarehe 21 Agosti mwaka 1911, siku ambayo Louvre lilifungwa kwa wageni, Mwitalia aitwaye Vincenzo Peruggia, aliyepata kufanya kazi humo ya kutia picha vioo, aliitoa Mona Lisa ukutani akatoka nayo. Hakuna aliyegundua mpaka siku ya pili. Jumba likafungwa kwa wiki nzima. Magazeti ya dunia yakajaa sura ya Lisa, na watu ambao hawajapata kulisikia jina lake wakaijua pua yake. Jumba lilipofunguliwa tena, watu walipanga foleni wauone mahali patupu ukutani palipokuwa na picha. Naam, walikuja kutazama ukuta! Peruggia aliificha chumbani mwake mjini Paris kwa muda wa miaka miwili na zaidi, akashikwa Desemba mwaka 1913 alipojaribu kuiuza Florence, na Januari mwaka 1914 ikarudi Louvre. Iliondoka ikiwa picha inayoheshimiwa na wajuzi. Ilirudi ikiwa mashuhuri kwa kila mtu asomaye gazeti. Postikadi zake zilikuwa zimekwisha kutapakaa. Mwaka 1919 msanii Marcel Duchamp alichukua postikadi mojawapo ya bei ya chini, akamchorea bibi masharubu na ndevu.

Mjomba anacho kikombe chenye masharubu hayo. Mke wake aliwahi kutaka kukitupa, akisema ni utovu wa heshima kumdhihaki mwanamke wa watu. Mjomba alisema mtu huchorewa masharubu na wanaomjua, mgeni hachorewi. Kikombe kikabaki. Sina hakika kama alikuwa na haki, na shangazi hajakubali mpaka leo.

Kuhusu umashuhuri, basi, nakubali kwamba ndio ulioileta sura ile sokoni Mbumbuni. Bila Peruggia, labda isingalifika katika robota la mitumba. Lakini hebu jiulize, msomaji, ni kitu gani ulichokipenda ambacho hakikufikishwa kwako na sababu isiyostahili? Mtu aweza kwenda kanisani kwa ajili ya mwimbaji mzuri, akatoka amesikia neno. Njia iliyotufikisha ni jambo moja, na tunalolifanya tukiisha kufika ni jambo la pili. Ni hilo la pili linalompima mtu.

Hapa yafaa niseme juu ya wakusanyaji wa namna nyingine, wale ambao dunia huwaheshimu kwa sababu hukusanya asili. Kenya ilikuwa na mmoja aliyestahili heshima hiyo kikamilifu. Joseph Murumbi, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1911 ambao picha iliibwa, na aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, alikusanya vitabu, stempu, nguo, mapambo na kazi za mikono za Afrika kwa fedha zake na kwa miguu yake, wakati wengi wetu tuliviona vitu hivyo kuwa takataka za wazee. Nenda leo katika jengo la Nyaraka za Taifa, Nairobi, uvitazame. Murumbi alikusanya ili vibaki.

Lakini si kila mkusanyaji wa asili ni Murumbi. Wamijikenda wa pwani, na hasa Wagiriama, wana desturi ya kumsimamishia mtu mashuhuri aliyefariki ubao mrefu uliochongwa, uitwao kigango, kwa ajili ya roho yake. Kigango si pambo. Hakiuzwi, na kikiisha kusimamishwa hakiondolewi, hata kama wenye mji watahama. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliokufa. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mzee alimsihi mtafiti huyo amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999 Udvardy alitambua kimoja katika picha zilizoonyeshwa kwenye mkutano wa wataalamu huko Marekani: kilikuwa katika makumbusho moja huko Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007, baada ya miaka 22, kimoja kilikabidhiwa tena kwa jamaa ya Mwakiru. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Vigango vingi vingine vilikwenda njia hiyo hiyo: vikang'olewa usiku na vijana wenye njaa ya fedha, vikauzwa kwa wafanyabiashara, vikanunuliwa na watu matajiri wenye mapenzi ya kweli na sanaa ya Afrika, nao wakavitoa zawadi kwa majumba ya makumbusho, wakashukuriwa kwa barua. Nakuomba usiwaone watu hao kuwa majambazi. Aghalabu walikuwa watu wapole, waliotazama ubao ule kwa upendo, wakaupangusa vumbi kama mjomba apangusavyo sinia lake. Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo dharau yangu ilipoanza kutikisika. Ilipoibwa picha ya mke wa mfanyabiashara wa Florence, dunia nzima ilipiga kelele, na miaka miwili na ushei ilitosha kuirudisha. Walipoibiwa ndugu wawili wa Mwakiru, aliyelia ni mzee mmoja karibu na boma lake.

Upendo wa mkusanyaji, kwa hiyo, hautoshi kumpa haki. Yapasa aulizwe: kitu hiki kilipokuja kwako, mahali gani pamebaki patupu? Tajiri wa Marekani hakuuliza. Mjomba wangu akiulizwa ana jibu jepesi: hapana. Fulana ya shilingi 20 haikuacha pengo kwa mtu. Lisa yuko Paris na yuko Mbumbuni, na hakuna anayemkosa kwa sababu mwingine anaye. Nilikuwa nikimcheka mzee kwa kuwa alichonacho ni vivuli. Sikufikiri kwamba ni katika vivuli peke yake mtu aweza kukusanya maisha yake yote na asimdhulumu jirani.

Najua utanipinga. Utasema kutodhuru si sifa kubwa; hata jiwe halidhuru. Na utaongeza swali ambalo kijana yeyote wa Afrika anapaswa kuuliza, nami niliuliza kwa sauti kubwa kuliko ilivyonifaa: kwa nini mwanamke wa Kizungu? Je, Ukambani hakuna nyuso? Mtu aliyejaza ghala la mahindi kwa sura ya mgeni, huku ukuta wa sebule yake hauna hata picha moja ya mama aliyemzaa, si amepotea? Nilimwambia hayo mbele ya watu, siku ya harusi ya dada yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilidhani nimetetea taifa.

Mjomba alinyamaza mpaka wageni walipopungua. Kisha akaniita nje, chini ya mwembe, akaniambia nikae.

Nyanya yangu, yaani mama yake, alifariki mwaka 1989. Katika maisha yake yote alipigwa picha mara moja tu. Zamani vitambulisho vya nchi vilikuwa vya wanaume. Sheria ilipobadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake nao wakaandikishwa, na nyanya akaenda na wenzake, amejifunga kitambaa kichwani, akakaa mbele ya kamera kwa muda wa kupepesa jicho. Picha hiyo, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ilikaa ndani ya kitambulisho, na kitambulisho kilikaa ndani ya mkebe pamoja na risiti za kahawa. Alipofariki, jamaa walikwenda kuandikisha kifo kama sheria inavyotaka. Kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini. Karani alikipokea, akaandika alichoandika, akakitia katika droo. Hakutenda kosa lolote, na hakuna mtu katika jamaa aliyekumbuka kumwomba angoje. Walipofika nyumbani ndipo walipotambua kwamba wameiacha ofisini picha pekee ya mama yao.

"Si hilo lililoniumiza," mjomba akaniambia. "Picha ile haikufanana naye hata kidogo, alikuwa amemwogopa mpiga picha. Kilichoniumiza ni hiki. Usiku ule nilijilaza nikajaribu kuikumbuka mikono yake. Mikono iliyonilisha, mpwa wangu. Nikashindwa. Niliweza kukumbuka jembe aliloshika, niliweza kukumbuka kiondo alichokuwa akikisuka. Mikono, la. Nilikuwa nimemwona kila siku kwa miaka 50, na sikupata kumtazama hata siku moja."

Kalenda ya kwanza ilikuwa ukutani mwa duka alilokwenda kununua sukari ya matanga. Alisimama mbele yake akingoja chenji, akaiona mikono ya bibi yule, mmoja umewekwa juu ya mwingine, imetulia. Hakumfananisha na mama yake. Alilisisitiza jambo hilo, maana alijua ningelidhani hivyo. Alisema alifikiri tu kwamba hapa pana mtu aliyetazamwa. Kuna mwanamume mmoja aliyekaa mbele ya mwanamke huyu, akaiangalia mikono yake mpaka akaijua. Mwisho wa mwaka alimwomba mwenye duka ile kalenda badala ya kuitupa. Akajiwekea sharti kwamba ataitazama sura moja, iwe ya nani iwe ya nani, mpaka macho yake yajifunze kazi ambayo hayakuifanya wakati wake. Akachukua hiyo kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa wingi na kwa bei ya mwalimu.

Sikuwa na la kusema. Miaka mingi baadaye, niliposoma kwamba hata watoto wa Lisa hawakuachiwa picha ya mama yao, nilimpelekea mjomba habari hiyo kama mtu apelekaye zawadi. Alikuwa akiijua tangu zamani.

Usidhani nimekuambia kisa hiki ili kila mkusanyaji apate msamaha. Wako watu wanaokusanya kwa hesabu tu, vitu vikiwa bado katika mifuko yake ya nailoni, nao hufurahi wanapofika mia na kuhuzunika jirani anapofika mia na moja. Vitu hivyo ni vivuli kwelikweli, hata kama kila kimoja ni asili iliyonunuliwa kwa dhahabu. Hali kadhalika, mtu aweza kusimama mbele ya asili yenyewe asiione. Nalo hilo nina shahidi wake.

Mwaka juzi binti wa mama mdogo, anayefanya kazi Ubelgiji, alikwenda Paris na rafiki zake. Alituma habari nyumbani kwamba amemwona Mona Lisa mwenyewe, na alipokuja likizo Mbumbuni mjomba alichinja kuku, akamketisha kwenye kiti kizuri. Alitusimulia foleni, kioo kizito kilichomkinga bibi yule, ukubwa wa umati. Nilimwamini, jumba la Louvre hupokea watu zaidi ya milioni 8 kwa mwaka, na wengi wao huelekea chumba kimoja, hata Januari mwaka 2025 Rais wa Ufaransa alitangaza kwamba picha hiyo itatengewa chumba chake pekee. Akatuonyesha picha aliyoipiga kwa simu, mikono yake ikiwa juu ya vichwa vya watu. Zilionekana simu nyingi, na katikati yake kitu kidogo cha rangi ya kahawia.

Mjomba akaitazama simu kwa muda mrefu, akairudisha. Kisha akauliza kwa upole, kama alivyokuwa akiuliza darasani, "Mwanangu, ni mkono gani ulio juu?"

Binti akacheka. "Mjomba, mikono sikuiona. Tulipewa kama nusu dakika tu, watu wananisukuma."

"Ni wa kulia," mjomba akasema. "Umelala juu ya kifundo cha kushoto. Kidoleni hana pete, ingawa alikuwa mke wa tajiri. Nyusi hazionekani. Juu ya nywele ana utaji mwembamba sana. Katika kalenda nyingi haumo, wachapaji huupoteza. Na nyuma ya bega lake la kushoto pana daraja."

Akainuka akaleta sinia la chai kutoka ghalani, akatuonyesha kwamba lilichapwa kinyume, ndiyo maana humo mkono wa kushoto ndio ulio juu na daraja limehamia upande wa pili. Analiita sinia mwongo, na hulitumia kuwafundisha wajukuu tofauti ya kuona na kutazama. Wakitambua kosa huwapa embe. Binti wa mama mdogo alilishika sinia, akalilinganisha na simu yake, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikawa madoa tu. Hakucheka tena. Aliomba kuingia ghalani, akakaa humo mpaka kuku akaiva.

Mimi nilitoka siku ile nikaenda kwa mama, ambaye nyumba yake ni hatua chache kutoka kwa kaka yake. Simu yangu ina picha zake zisizohesabika: za Krismasi, za harusi, za kanisani. Nilimkuta amekaa kizingitini, ungo magotini, akichambua ndengu, nami nikakaa kando yake bila kuitoa simu mfukoni. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kimepinda kidogo kuelekea nje. Sikuwa nikijua. Nikamwuliza kilivunjika lini, akasema mwaka wa njaa, kabla sijazaliwa, akiteka maji katika kisima cha mchanga. Kisha akaniuliza mbona namkodolea macho hivyo.

"Natazama mikono yako, mama."

Akasema kama nina nafasi ya kutazama mikono basi nina nafasi ya kuitumia yangu, akanisukumia ungo, nami nikaanza kutoa mawe.